Pesa ya kodi ameezekea bati, sasa anataka tuhamie

Shangazi, shikamoo.

Naomba barua yangu uisome mpaka mwisho, maana ukiishia katikati utamwona mume wangu mtu mbaya, na si mbaya. Jina langu naomba ulihifadhi.

Nina miaka 27, mume wangu ana 31. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2022, tuna mtoto mmoja wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne, bado ananyonya. Tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mume wangu ni fundi umeme wa majumbani, mimi ni fundi cherehani, nimechangia fremu na dada mmoja karibu na soko la Majengo. Kodi ya tunapoishi inaisha tarehe 30 Septemba, na hela ya kulipia tena hatuna. Imekwenda kwenye paa.

Tumepanga chumba na sebule. Tulikuwa tunalipa 100,000 kwa mwezi, lakini mwezi uliopita mama mwenye nyumba alituita akasema kuanzia Oktoba ni 120,000, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni 720,000. Simlaumu sana. Mimi nilitoka Morogoro nikaja huku mwaka 2019 kujifunza kushona kwa mama mdogo, na tangu hapo nimeona vyumba vinavyopanda bei. Wenyeji wanasema Dodoma ilitangazwa makao makuu tangu 1973 na maisha yakaendelea kimyakimya, hadi 2016 serikali ilipoamua kuhamia kweli, na 2018 mji ukawa jiji. Siku hizi ukitoka kwenye chumba asubuhi, jioni kina mtu mwingine.

Maisha ya pale kwenye nyumba ya kupanga unayajua, Shangazi. Wapangaji wanne tunatumia Luku moja. Mimi usiku nashonea nyumbani kwa ovaloki ya umeme, kwa hiyo kila mwezi naongeza 10,000 juu ya mchango wangu, na bado umeme ukikatika mapema macho yote yanageukia mlango wangu. Maji ni ya mgao. Kwetu yanatoka usiku mara mbili kwa wiki, na wa kuamka saa nane kukinga ni mume wangu. Hata kama ametoka kupanda madari ya watu kutwa nzima, haniamshi. Nasikia tu ndoo zinajaa, na asubuhi nakuta zote zimefunikwa. Nakuambia hili ili ujue ninayemzungumzia.

Mwaka 2023 tulinunua kiwanja Nala, njia ya Singida, mita 20 kwa 25. Katika bei yake mimi nilitoa laki tisa za mgao wangu wa kikoba. Alianza kujenga mwenyewe na rafiki zake mafundi, kidogokidogo, akipata kazi ananunua mfuko wa saruji, akikosa tunasubiri. Mpaka mwaka jana mwishoni boma lilikuwa limefika kwenye lenta. Tukakubaliana kwa mdomo kwamba mwaka huu tunakusanya kodi kwanza, kupaua ni baadaye. Tangu Aprili nilikuwa namtumia 15,000 kila wiki kwenye laini yake ya simu, na yeye anaongeza ya kwake. Tuliiita hela ya mama mwenye nyumba, hata ugali ukikosa mboga hatuigusi.

Jumapili ya pili ya Agosti, tulipotoka ibadani, aliniambia nivae viatu vya chini tunakwenda Nala. Tulimweka mtoto katikati kwenye bodaboda. Tulipokata kona ya mwisho nikaona kitu kinametameta. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa vimeezekwa. Mabati mapya kabisa, jua la saa saba limeyapiga mpaka macho yanauma. Mume wangu alishuka, akanishika mkono, akaanza kunionyesha kila kitu kama mtoto anayeonyesha daftari lake. Alinipandisha kwenye tofali ili nione misumari. Chini ya kila msumari alikuwa ameweka kipande cha ndala kuukuu alichokikata kwa mkono, maji yasipenye. Pembeni ya ukuta amepanda mche wa mzabibu, ameuzungushia ukingo wa udongo, na juu yake ameinamisha chupa ya maji yenye tundu dogo kwenye kifuniko, inadondosha tone moja moja. Akasema zabibu za huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, mtoto akianza shule atakuwa anachuma mlangoni.

Halafu akanipeleka chumba cha mwisho. Dirisha lake limeachwa pana kuliko mengine yote. Akasema, "Hili ni lako, mke wangu. Linaangalia mashariki. Cherehani ikikaa hapa, asubuhi huhitaji taa."

Shangazi, machozi yalinilenga. Nilishafungua mdomo nimshukuru, ndipo likaja swali: hela katoa wapi? Nikamuuliza. Akajibu, "Ile ya kodi." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, huku anapangusa vumbi kwenye kizingiti cha dirisha.

Tangu siku hiyo anachosema ni kwamba tuhamie kabla mvua hazijaanza. Hoja zake si za mlevi. Anasema laki saba kila nusu mwaka tunamjengea mtu mwingine. Anasema barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112, imepita Nala, na kiwanja ambacho hakikaliwi huko sasa ni cha kuibiwa tofali. Anasema mafundi wenzake wengi walihamia hivyohivyo, nyumba wakaimalizia wakiwa ndani. Anasema pia hapa tulipo hata ovaloki nashonea roho juu, wakati kule hakuna wa kunihesabia uniti. Hapo sina la kumjibu, ni kweli.

Lakini yeye anaona nyumba, mimi naona siku zangu zitakavyokuwa. Mlango haujawekwa, na madirisha yote ni matundu, anasema ataziba kwa turubai kwa muda. Sakafu bado ni udongo. Choo ni shimo lililochimbwa tu, halijafunikwa. Maji ni ya kununua kwa madumu yanayoletwa na bajaji, siku isipokuja huna hata ya kumwogeshea mtoto. Umeme tumeshaomba, mabomba ya nyaya ameyapitisha ukutani kwa mikono yake, ila nguzo ya karibu iko mbali na hakuna aliyetuambia ni lini. Kwa hiyo ovaloki itakaa kimya. Kazi za usiku ndizo zinanipa karibu theluthi ya kipato changu, na Novemba hadi Januari ndipo sare za shule zinapoingia. Kutoka Nala mpaka Majengo ni bodaboda hadi kwenye lami, kisha daladala, na jioni hivyohivyo, na mtoto mgongoni. Nimepiga hesabu ya nauli kwa mwezi. Haifiki kodi, lakini inaisogelea.

Na kinachoninyima usingizi kuliko vyote ni kwamba kazi zake ni za kusafiri. Akipata nyumba ya kufunga umeme Kondoa au Manyoni, anaondoka wiki mbili. Jirani wa karibu kule ukimwita kwa sauti hasikii. Siku ileile ya bati, nilipoinua tofali nikalie, nge alikuwa chini yake. Mume wangu alimkanyaga, akasema wataisha tukifagia.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Bahi akakaa siku tatu. Yeye amezaliwa na kulelewa kwenye tembe, nikajua ataniona mimi mtoto wa mjini nisiyeweza shida. Tulimpeleka Nala. Alikaa kimya muda mrefu, akatazama yale matundu ya madirisha, akamwambia mwanawe kwamba tembe ya baba yake ilikuwa ya udongo mpaka paa, lakini hawakuingia kulala kabla ya kuwekwa mlango. Mume wangu aliinama tu. Usiku, nilipokuwa nasonga ugali wa uwele, mama alinifuata jikoni akaniambia mambo mawili. La kwanza, nisikubali kulala pale na mtoto kabla ya mlango na choo. La pili, mwanaume aliyeezeka nyumba yake asiambiwe mbele ya watu kwamba amekosea. Nimejitahidi kufuata yote mawili, na yananivuta huku na huku.

Mama yangu mzazi naye amenipigia. Anasema tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma mwaka 2024, Morogoro si mbali tena, nimpelekee mtoto akae naye mpaka nyumba ikamilike. Nashukuru moyo wake, ila mtoto ananyonya, na sijaolewa ili mtoto wangu akalelewe kwingine wakati mimi na baba yake wote tupo hai na tuna nguvu.

Nyumbani kwetu sasa kuna ukimya ambao haukuwepo. Tunazungumza habari za Luku, ndoo na dawa ya kifua ya mtoto, maana upepo wa Agosti na vumbi lake umemwachia kikohozi. Zamani nilikuwa nikimaliza kushona usiku, yeye anakunja zile nguo na kuniambia habari za nyumba alizofunga taa siku hiyo. Sasa anakunja bila kusema kitu. Hata hivyo anakunja.

Mara moja tu nimethubutu. Nilimwambia, "Sijaumia kwa bati, nimeumia kwa kutoulizwa." Akanijibu, "Ningekuuliza ungekataa." Na kweli ningekataa, Shangazi. Ndiyo maana ilibidi aniulize. Lakini hilo la pili sikulisema, nilihofia sauti yangu, mtoto alikuwa amelala.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita mama mwenye nyumba aliniita pembeni kisimani. Anajua tumekwama, na anasema sisi si wapangaji wasumbufu. Yuko tayari kupokea miezi mitatu badala ya sita, yaani 360,000, ila niwahi, kwa sababu kuna mtumishi ameshakuja kuviona vyumba. Kwenye kikoba chetu naweza kukopa kiasi hicho. Riba ni asilimia kumi, nitarudisha 396,000 kwa miezi mitatu, 132,000 kila mwezi. Kwa kazi za sare nitaweza. Mpaka mwisho wa Desemba yeye atakuwa ameweka mlango, amefunika choo, ameziba madirisha hata kwa mbao, na hapo mimi mwenyewe nitabeba vyombo vyangu niende Nala kwa furaha. Naitaka ile nyumba. Lile dirisha naliota.

Nikimweleza, najua atakataa. Kwanza hapendi mkopo wa kikoba, alimwona dada yake akinyang'anywa vyombo kwa deni. Pili, ameshawatangazia rafiki zake kwamba Oktoba anahamia kwake, na kubaki hapa ataona nimemwaibisha. Nisipomweleza nikakopa na kulipa kimyakimya, siku ya tarehe 30 nitamwonyesha risiti, atakuwa hana la kufanya. Tutabaki. Mtoto atalala penye mlango.

Lakini nikiifikiria ile risiti mkononi mwangu, namwona yeye anapangusa kizingiti na kusema "ile ya kodi". Litakuwa jambo lilelile, ila safari hii nimelifanya mimi. Na kama yeye alifanya kwa kutupenda, na mimi nafanya kwa kumpenda mtoto, basi katika ndoa yetu kila mmoja atakuwa anajifungia na uamuzi wake, mwenzake anaonyeshwa tu mambo yakishakwisha.

Nilifikiria kumshirikisha mzee wa kanisa aliyetusimamia ndoa, ila namkumbuka mama mkwe, asiambiwe mbele ya watu. Nilifikiria pia kumwandikia mume wangu barua kama hii ninayokuandikia wewe, niiweke kwenye begi lake la bisibisi aisome akiwa kazini, peke yake, bila sauti yangu wala ya mtoto. Sijui kama ni busara au ni woga wangu.

Kikoba tunakutana Jumapili ijayo saa tisa alasiri, na majina ya wakopaji huandikwa mwanzoni mwa kikao. Nikope nilipe, ndipo nimwambie? Au nimwambie kwanza hata kama atakataa, na akikataa nifanyeje, nimfuate Nala na mtoto? Wewe na wasomaji wako mliowahi kuhamia kwenye nyumba ambayo haijaisha, mlianzaje mazungumzo hayo na wenzenu?

Ni mimi,
Mama wa mtoto mmoja, Nkuhungu, Dodoma