YAH: Kubadilishiwa dawa ya tezi dume bila kuelezwa

Morogoro,
12 Machi 2024

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tarehe 4 Machi jioni nilipita tawi lenu la karibu na stendi nikiwa na cheti cha baba yangu. Daktari alikuwa ameandika tamsulosini miligramu 0.4, ambayo mzee anaitumia tangu mwaka jana. Kijana wa kaunta akasema, "Hiyo imeisha, lakini hii ni ile ile, kazi moja." Akanitilia vidonge 30 kwenye bahasha, akaandika "1 x 1 usiku", nikalipa, nikaondoka.

Ilikuwa doksazosini ya miligramu 4. Si ile ile. Zote mbili hulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu ili mkojo upite, hapo kweli kazi ni moja. Ila doksazosini hutanua zaidi mishipa ya damu ya mwili mzima, ndiyo maana hutumika hata kushusha presha, na anayeianza huanzia miligramu 1, ikapandishwa taratibu. Baba yangu alianzia 4, tena juu ya amlodipini, dawa ya presha anayomeza kila siku. Na huyu ni mtu aliyepata kiharusi mwaka 2022. Mkono wake wa kushoto haujarudi sawasawa mpaka leo.

Saa nane usiku aliamka kwenda kukojoa (wenye mzee wa tezi dume nyumbani wanazijua safari hizo). Nikasikia ndoo imeanguka, kisha kimya. Nilimkuta chini, kaegemea mlango wa choo, fulana imelowa jasho, maneno yanamtoka kwa kukokota. Nikadhani kiharusi kimerudi. Hospitali walimkuta na presha 82 kwa 50. Walimlaza siku mbili, wakampiga CT scan. Kiharusi kipya hakikuonekana, namshukuru Mungu, lakini daktari alinieleza kuwa aliyewahi kuziba mshipa wa ubongo hapaswi kushushwa presha ghafla namna ile: damu ikikosa nguvu, ubongo ndio unaoumia.

Dawa yenyewe siilaumu, wapo wanaoimeza wakalala salama. Ninacholalamikia ni kubadilishiwa bila daktari kupigiwa simu, na namba yake imo kwenye cheti. Sikuulizwa mgonjwa anatumia dawa gani nyingine wala aliwahi kuugua nini. Hata kuambiwa tu kwamba akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, sikuambiwa. Karatasi ya maelezo ilibaki kwenye boksi lenu.

Naomba mnijibu kwa maandishi nani aliidhinisha kubadilisha dawa, na kama mfamasia alikuwepo zamu jioni ile. Gharama za kulazwa nategemea mtazibeba ninyi. Nakala ya barua hii naipeleka Baraza la Famasi.

Nimeambatanisha nakala ya cheti, risiti na picha ya bahasha. Vidonge 29 vilivyobaki ninavyo mwenyewe, sivirudishi dukani mpaka nipate majibu.

Wenu,
Mteja wa tawi la stendi