Vipindi vya mapishi vituonyeshe na muda wa kupika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu vipindi vya mapishi vya televisheni. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Sakina, Arusha, ninapikia familia mwaka wa 22 sasa, na vipindi hivi ninavifuatilia kwa mapenzi. Ni humo nilikojifunza kukaanga vitunguu vya pilau hadi vikolee rangi bila kuungua.

Kinachonisumbua ni kwamba muda wa kupika hatuonyeshwi. Mpishi hutia vitu sufuriani, hufunika, kisha papo hapo huinama na kutoa sufuria nyingine ambayo chakula chake kimeshaiva. Kwa mayai au mchicha hilo halina madhara. Kwa makande ni kumpoteza mtazamaji, kwa kuwa kazi yote ya makande imo kati ya sufuria ile ya kwanza na hii ya pili: kuongeza maji, kupunguza moto, kujua mahindi yamefika wapi kabla ya kutia chumvi.

Mwaka huu nilifuata kipindi kimoja kilichosema kwamba mahindi yaliyokobolewa na maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanatosha kuchemshwa kwa saa moja. Saa ilipotimia nilichota harage moja kwa upawa nikalibonyeza kati ya vidole. Ganda lilichanika, lakini ndani lilikuwa bado gumu na jeupe. Yaliiva baada ya saa mbili na nusu, wageni wakiwa wameshakaa sebuleni, na mtungi wangu wa kilo 6 ukaishia hapo hapo.

Sidhani kwamba mpishi yule alidanganya. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, lakini hapa Arusha, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ukiongeza moto hayapati joto zaidi, unamaliza gesi tu. Kwa hiyo maharage yale yale yaliyoiva mapema Dar es Salaam huku kwetu yanahitaji kukaa jikoni muda mrefu zaidi. Jambo hili sijalisikia likitajwa hata mara moja, ingawa watazamaji wa Arusha, Mbeya na Njombe ni wengi.

Zamani tulipopikia mkaa, sufuria ya maharage iliachwa juu ya makaa yanayofifia huku mtu akiendelea na kufua. Sasa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, nami ninauunga mkono kwa sababu ya macho na kifua changu. Ila kwenye gesi kila dakika ni fedha, na mwenye kutufundisha kupika anapaswa kutuambia ni dakika ngapi.

Naelewa kuwa kipindi ni cha nusu saa na matangazo yamo humo humo. Hata hivyo, saa ndogo pembeni ya kioo inawezekana, na kutaja jiko lililotumika ni sentensi moja. Neno “kiasi” nalo lipunguzwe: chumvi kiasi, mafuta kiasi, maji kiasi, na binti anayejifunza hajui ni kijiko au kikombe. Makosa pia yasikatwe yote. Julia Child, aliyeanza kufundisha mapishi ya Kifaransa katika televisheni ya Marekani mwaka 1963, aliwahi kugeuza viazi kikaangoni vikamwagikia jikoni, akavikusanya na kuvirudisha mbele ya kamera, na watazamaji wakaona namna ya kuokoa chakula.

Mtayarishaji atakayependa kurekodi makande tangu mwanzo, mimi huloweka Ijumaa usiku na kubandika Jumamosi saa mbili asubuhi.

Mama wa nyumbani,
Sakina, Arusha