Anayenunua baiskeli ya kwanza ya milimani asivutwe na springi za nyuma

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wale wanaotaka kuanza kuendesha baiskeli milimani na ambao fedha zao ni za kuhesabu. Matangazo ya baiskeli za bei nafuu husifu zaidi springi za mbele na nyuma pamoja na wingi wa gia. Kwa maoni yangu wingi wa gia haustahili kumshughulisha anayeanza, na springi za nyuma, kwa bei hiyo, azikwepe kabisa.

Fremu yenye springi nyuma inahitaji viungo vinavyocheza, beringi za kubeba viungo hivyo, na shokomzoba yenye mafuta ya kuzuia springi isirudi kwa kishindo. Vitu hivi vikitengenezwa vizuri ni ghali, na kiwanda kinachotaka kuuza kwa bei ndogo hakina njia ila kuvipunguzia ubora: beringi zinageuka bushi za plastiki, shokomzoba inabaki springi tupu, na bado fedha inayokosekana inafidiwa kwenye breki na magurudumu. Mnunuzi anaondoka na baiskeli nzito inayonesa kila anapokanyaga pedali, ambayo viungo vyake huanza kulegea mapema. Baadhi ya baiskeli za aina hii hubandikwa onyo, kwa herufi ndogo, kwamba zisitumike nje ya barabara! Kwa fedha zile zile angeweza kupata baiskeli yenye springi mbele tu, nyepesi zaidi na yenye vifaa bora kila mahali.

Asidhani kwamba hapo amepunjwa. Vijana wa Marin County, California, walioanza kushindana kuteremka mlima katika mbio za Repack mwaka 1976, walitumia baiskeli kuukuu zenye matairi mapana na zisizo na springi hata moja. Kilichowatesa kilikuwa breki, kwa sababu zile za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, zilipata moto kiasi cha kuunguza grisi, ikalazimu habu zipakwe grisi upya baada ya mteremko.

Kwenye breki, basi, ndiko ningemshauri mtu asibane matumizi. Breki za diski zinazosukumwa na mafuta hushika kwa nguvu ya kidole kimoja na hujirekebisha zenyewe kadiri pedi zinavyolika. Za diski zinazovutwa kwa waya zinatosha kama zimetengenezwa vizuri, ila mwenye baiskeli ajue kuzikaza mara kwa mara. Kama uwezo unaishia kwenye breki za mpira zinazobana ringi, ahakikishe walau fremu na habu zina sehemu ya kufungia diski siku za usoni.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji kamwe, nalo ni habu ya nyuma. Baiskeli nyingi za bei ya chini zina friwili, yaani fungu la gia za nyuma, iliyokazwa kama skrubu juu ya habu, kwa kawaida yenye gia 7, na muundo huo huiacha beringi ya upande wa kulia mbali na mwisho wa ekseli, hivyo ekseli hupinda au kukatika mtu anapoanza kuruka mawe. Katika habu ya kaseti, ambayo fungu la gia huchomekwa tu juu yake, beringi hiyo husogezwa karibu na fremu, na tatizo hilo huisha kwa sehemu kubwa. Kuhusu gia zenyewe, baiskeli ya gia 21 ina sahani tatu za meno mbele na 7 nyuma, na nyingi kati ya gia hizo hurudia uzito ule ule. Sahani moja mbele na kaseti ya gia 9 au 10 yenye sahani kubwa ya kupandia mlima inamtosha anayeanza, tena ni rahisi kuitunza.

Ukubwa wa fremu ni lazima ukufae, hata kama dukani wanakupa punguzo kwa kipimo kingine. Kipenyo cha gurudumu, iwe inchi 27.5 au 29, hakina haja ya kukukosesha usingizi.

Mwenye subira anaweza kupata kilicho bora zaidi kwa kununua iliyotumika. Akague mishono ya fremu, hasa karibu na usukani, kama ina nyufa. Azungushe magurudumu aone kama yanayumba. Atikise krenki, yaani mikono inayoshika pedali, kwa pembeni asikilize kama zinacheza. Mnyororo upimwe kwa rula: pini 25 zinazofuatana zinapaswa kuenea inchi 12 kamili, na ziada ya sehemu moja ya 16 ya inchi ina maana kwamba mnyororo umekwisha. Ziada ikifika sehemu moja ya 8, yaelekea na meno ya kaseti yamekwisha pia, na gharama ya kuvibadilisha vyote iondolewe kwenye bei kabla ya kulipa. Fedha ya kofia ngumu, pampu na tyubu ya akiba itengwe tangu mwanzo, isisubiri chenji.

Wako,
Msomaji na mwendesha baiskeli