Panya wa SUA nao ni utafiti

Mhariri, naomba nafasi nichangie hii mada ya utafiti wa vyuo vyetu kuishia kabatini. Siyo wote jamani, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa TB kwenye makohozi na panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, alafu zile alizozishtukia zinarudiwa maabara kuhakikisha, na panya mwingine, Magawa, aliyefundishwa hapohapo akaenda kunusa mabomu ya ardhini Kambodia, na 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza (sisi huku panya tunamjulia sumu tu). Sasa naomba Wizara ya Afya itenge fungu lake kabisa, sampuli za zahanati za mikoa mingine nazo zipelekwe, isiwe kusubiri wafadhili kila siku.

Msomaji wenu, Morogoro