Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Baiskeli, Malindi, Mwaka 2025

Assalaam aleikum, na wote hamjambo. Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu. Mkutano mkuu uliitishwa tarehe 13 Desemba. Walifika watu 9, na wawili kati yao walikuja kuchukua pampu zao. Tukauahirisha kwa wiki moja, wakafika 7. Basi nimeonelea niiandike, kila mtu aisome kwake kwa nafasi yake. Kusoma najua mnasoma: siku niliyoondoa orodha ya kasi za wanachama nilihesabu jumbe 114 kwenye kundi letu kabla ya sala ya isha.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirefusha. Jumapili alfajiri tulitoka kama kawaida. Watamu tulikwenda mara nne, Gede mara mbili, na mara ya pili tuliingia hadi ndani ya magofu, maana tangu yatiwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024 kila mtu alikuwa akisema ataenda, ataenda. Marafa mara moja. Waliofika Nyari, lile korongo la Marafa, kwa miguu yao ni 6, waliobaki walifika kwa pikapu na baiskeli zikiwa juu. Mwezi wa Ramadhani tulisimamisha safari za alfajiri, tukawa na mzunguko mfupi wa mjini baada ya tarawehe. Mvua za mwaka zilitufungia njia ya Ganda kwa wiki kadhaa. Pancha 23, kuanguka 4, mkono ulioteguka 1, na mwenyewe amepona, alhamdulillahi. Wanachama wapya 14, wengi wao hawajapanda baiskeli tangu walipokuwa wakitumwa dukani.

Sasa nije kwenye lile mnalolingoja.

Mwezi Julai kamati iliondoa orodha ya kasi iliyokuwa ikitangazwa kila Jumatatu, na mahali pake ikaweka jaribio la muda la kila mwezi na daftari la kila mwanachama. Nasema kamati, ingawa wapo wanaosema ni mimi. Wazo lilikuwa langu, sikatai, lakini katibu alikuwepo na hakupinga. Maneno yaliyosemwa baada ya hapo ni mengi, na lililoniuma zaidi ni kwamba niliifuta orodha kwa sababu jina langu lilikuwa la mwisho. Si kweli. Nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, na juma moja la Mei nilikuwa wa tano.

Orodha ile ilikuwaje? Kila mtu alituma picha ya programu ya simu yake inayoonyesha kasi ya wastani ya wiki, na katibu akapanga majina kutoka juu hadi chini. Haikuulizwa umepita wapi, saa ngapi, na upepo gani. Sisi ni watu wa pwani, ndugu zangu. Kuanzia Aprili hadi Septemba tuna kusi, upepo utokao kusini, na barabara ya Mambrui inaelekea kaskazini. Ukitoka Malindi asubuhi ya Juni kusi linakusukuma mgongoni kama mtu anayekudai. Unajiona bingwa. Kazi iko kwenye kurudi.

Mwanachama mmoja (simtaji, baiskeli yake anaijua) alikwenda hadi Gongoni siku ambayo kusi lilikuwa likiangusha madafu. Akafika, akaizima simu, akapakia baiskeli kwenye matatu, akarudi mjini akila korosho. Jumatatu akawa wa kwanza. Nilipomuuliza alinijibu kwamba programu haikukataa. Na kweli haikukataa.

Wapo waliodai mimi nimebuni sheria za kuwanyima watu haki yao. Nawakumbusha habari ya Mkenya mwenzetu Geoffrey Mutai. Mwaka 2011 alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, kasi kuliko rekodi ya dunia ya wakati ule, na upepo ulikuwa nyuma yake. Haikuandikwa kuwa rekodi. Kanuni za riadha zinataka mwanzo na mwisho wa njia visiachane zaidi ya nusu ya urefu wa mbio, na njia isishuke zaidi ya mita moja kwa kila kilomita. Boston ni ya kwenda moja kwa moja, tena inashuka. Ikiwa Mutai amekubali, aliyekwenda Gongoni naye akubali.

Ndiyo maana jaribio letu ni la kwenda na kurudi. Kilomita 20: tunaanzia pale tunapokutania, tunavuka daraja la Sabaki, tunageuzia kwenye kilomita ya 10 kabla ya kufika Mambrui, tunarudi tulikotoka. Njia hiyo niliipima mimi mwenyewe mara tatu, mara moja kwenye mvua, na hakuna aliyenishukuru. Hata hivyo kugeuza hakufuti upepo wote, na hapa nataka tuelewane kwa sababu hesabu hii ilitugombanisha. Mtu akienda kilomita 10 kwa mwendo wa 30 kwa saa atatumia dakika 20. Akirudi na kusi usoni kwa mwendo wa 15 atatumia dakika 40. Jumla ni saa moja, kwa hiyo mwendo wake ni 20. Mwenzetu mmoja alijumlisha 30 na 15, akagawa kwa mbili, akajiandikia 22.5 na kumwita katibu mwizi. Muda wa kupigana na upepo ni mrefu kuliko muda wa kusukumwa nao, ndiyo maana siku ya upepo mkali hukupunguzia mwendo hata kama umerudi ulikotoka. Mzee wetu mmoja wa Muyeye, baharia mstaafu, alisema hakuna nahodha anayejisifu kwa kufika Lamu na kusi. Ajisifu akirudi nalo.

Kwa hiyo daftari halina muda peke yake. Lina upepo wa siku hiyo, saa uliyotoka na joto. Lina mapigo ya moyo ya asubuhi, yanayohesabiwa kabla ya kunyanyuka kitandani na kabla ya chai: sekunde 30, zidisha kwa mbili. Moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, kwa hiyo ukipumzika hauhitaji kupiga mara nyingi. Mabadiliko hayo hayaji kwa siku tatu. Ni wiki nyingi, na mapigo yakipanda ghafla asubuhi moja huenda hukulala, au homa inakuja, au jana ulizidisha. Hapo unabaki nyumbani. Mwenye presha au anayetumia dawa za moyo amwone daktari kwanza. Mimi ni mwenyekiti tu.

Wenye saa za mkononi walinicheka, wanasema saa zao zinajua yote. Mmoja wao, mwenye miaka 58, alitoa umri wake kwenye 220 akapata 162. Siku saa ilipomwonyesha 170 kwenye mlima wa kutoka darajani alishuka akakaa chini ya mti akingoja kufa. Hesabu ile ya 220 ni ya wastani wa watu wengi. Mtu na mtu hutofautiana kwa mapigo kumi na zaidi. Badala yake tumetumia kipimo cha mdomo, ambacho hakina betri. Ukiweza kuimba taarabu huku unakanyaga, hujaanza kazi. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba huwezi, hapo ndipo penyewe, na anayeanza akae hapo siku nyingi. Ukibaki kujibu kwa kichwa tu, umezidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya kiasi hicho cha kuzungumza, na safari zetu mbili za wiki zikitimizwa zinafika. Zikitimizwa.

Uzito tunapima mara moja kwa wiki, asubuhi, siku ileile. Kupima kabla na baada ya safari, kama wafanyavyo baadhi ya vijana wetu, ni kupima jasho. Kilo iliyopotea njiani inarudi na chupa mbili za maji. Mimi uzito wangu umepanda kilo mbili tangu Julai. Nimeandika katika daftari langu kwamba ni msuli. Nyumbani hawakubaliani.

Niwaambie kilichonisukuma hasa, kwa sababu sikukisema wakati ule na labda nilikosea kutosema. Tulikuwa na mama mmoja wa Shella aliyejiunga Februari. Baiskeli yake ni nzito, ya kikapu mbele, gia hazishiki. Kila Jumatatu jina lake lilikuwa la mwisho, na chini yake vijana waliweka vikaragosi vya kobe. Mei akaacha kuja. Nilipompigia alisema, "Mwenyekiti, mimi nimekuja kutafuta afya, sikuja kuandikwa mkia." Mama huyo ada yake ilikuwa imelipwa mwaka mzima. Wale wa kobe, mweka hazina atawaambia wamelipa kiasi gani.

Alirudi Julai. Jaribio la kwanza alitumia saa 1 na dakika 31, mapigo ya asubuhi 82. Desemba alitumia saa 1 na dakika 16, mapigo 72. Kuna aliyesema kundini kwamba Julai ni kusi kali na Desemba kaskazi, upepo utokao kaskazini, ilikuwa bado changa, kwa hiyo mama amebebwa na upepo. Hoja hiyo naikubali nusu. Dakika kadhaa huenda ni za upepo. Lakini Desemba ni joto, na kwenye joto moyo una kazi mbili, kupeleka damu miguuni na kuipeleka kwenye ngozi ili mwili upoe. Tungetarajia aje akitweta zaidi. Yeye alirudi akizungumza, tena bila kunyamaza. Na mapigo ya kitandani hayajui habari za kaskazi. Tusingelijua lolote kati ya haya kwenye orodha ya zamani. Pale angekuwa bado wa mwisho, kwa sababu kijana wa miaka 22 mwenye baiskeli ya mashindano naye hakulala.

La fedha za madaftari. Madaftari 45 kwa Sh 60 ni Sh 2,700. Mizani Sh 2,600, saa ya kupimia muda Sh 700. Jumla Sh 6,000. Katiba inairuhusu kamati kutumia hadi Sh 5,000 bila mkutano mkuu, na nimeshutumiwa kuvunja katiba. Ununuzi ulikuwa miwili. Madaftari yalinunuliwa Juni, mizani na saa Julai. Kila mmoja uko chini ya kiwango. Walioniuliza kwa nini tununue saa na kila simu ina saa, waulizeni siku simu ya katibu ilipoita katikati ya jaribio, akapokea, na watu saba wakakosa muda wao. Mizani iko nyumbani kwangu kwa usalama. Haijatumiwa na wasiohusika, isipokuwa mara moja, na ilikuwa mbuzi.

Ada. Hapa nitasema polepole. Wanachama walioandikishwa ni 46, ada ni Sh 200 kwa mwezi, tulitarajia Sh 110,400. Waliolipa yote ni 13, sawa na Sh 31,200. Waliolipa nusunusu ni 17, wameleta Sh 14,600. Wasiotoa hata shilingi ni 16. Tulianza mwaka na Sh 3,150, tukapokea Sh 45,800, tukatumia Sh 41,350 kwa maji, chai, dawa za huduma ya kwanza, tyubu, fundi, na hayo madaftari. Zimebaki Sh 7,600. Tunadai Sh 64,600. Mia mbili kwa mwezi haifiki hata shilingi saba kwa siku. Mtu anavaa miwani ya kuendeshea baiskeli ya elfu tatu, ananiambia mwezi umekuwa mgumu. Mweka hazina wetu amefuata watu hadi sokoni, mmoja alimwona akajificha nyuma ya magunia ya viazi. Baba mzima.

Mahudhurio ya jaribio: Julai watu 27, Agosti watu 21, Septemba watu 19, Oktoba watu 12, Novemba watu 14, Desemba watu 11. Najua inavyoonekana. Wapinzani wangu wameichukua hesabu hiyo kuwa kura. Mimi naona waliobaki ndio wanaojaza madaftari, na kati ya hao 11, tisa wamepunguza muda wao tangu walipoanza. Wawili walioongeza muda, mmoja alikuwa na malaria na wa pili ni mimi.

Kwa mwaka ujao tunatumaini, Mungu akipenda, kupata jezi, kumpata mtu atakayetufundisha kurekebisha gia, na ikiwezekana kufika Kilifi kwa baiskeli na kurudi. Lamu imetajwa pia. Tutaona. Anayetaka orodha ya kasi irudishwe alete hoja yake mkutano mkuu, kwa maandishi, akiwa amelipa ada, na kura itapigwa. Nikishindwa nitakubali. Ila picha zitakazotumwa ziwe za kwenda na kurudi.

Namshukuru katibu, mweka hazina, na fundi wetu aliyetengeneza matairi kwa mkopo ambao bado tunadaiwa. Madaftari 18 hayajachukuliwa. Yako kwangu, kabati la vyombo, rafu ya chini. Aje kila mwenye lake baada ya alasiri, siku yoyote ila Ijumaa.

Mwenyekiti
Malindi, Januari 2026