Wanangu wa baiskeli Uyole, tupilieni mbali vidonge vya mkojo

Wanangu,

Jumamosi nilikaa Isyonje, kwenye benchi la muuza viazi, nikiwasubiri mpande kutoka Uyole. Mmoja wenu hakufika. Tukamfuata kwa bodaboda, tukamkuta juu ya Igawilo kalala pembeni mwa lami, midomo imekauka, misuli ya paja inachezacheza yenyewe. Nilipopekua mfuko wa nyuma wa jezi yake kutafuta simu, nikatoka na karatasi ya vidonge vya furosemaidi, vya kukojosha maji mwilini, vinne vimeshaliwa. Dawa ya bibi zenu waliovimba miguu!

"Nilitaka kupunguza kilo mbili, babu. Mlima unataka mtu mwepesi."

Mlima naujua, nimeupanda na baiskeli ya Phoenix na gunia la viazi nyuma. Mwepesi hupanda vizuri, sibishi. Lakini kilo mbili zile ni maji, si mafuta. Maji yakikutoka damu inakuwa nzito, potasiamu inaondoka na mkojo, na moyo unapoteza mapigo yake. Huyu wetu aliokolewa na baridi ya Mbeya. Tom Simpson, mwendesha baiskeli Mwingereza, hakuwa na baridi: 13 Julai 1967, mlima Mont Ventoux kule Ufaransa, jua linawaka, ana amfetamini na pombe mwilini. Akaanguka, wakampandisha tena, akaanguka, akafa. Miaka 29. Vichupa vya dawa walivikuta kwenye mfuko wa nyuma wa jezi. Mfuko uleule, jamani.

Tena furosemaidi ni marufuku michezoni siku zote, hata siku ya mazoezi, kwa sababu huzimua mkojo na kuficha dawa nyingine. Na msinitajie Lance Armstrong wa Marekani: mwaka 2012 alinyang'anywa ushindi wake wote saba wa mbio za Tour de France kwa sababu ya dawa. Pantani, mfalme wenu wa milima, alitolewa Giro ya 1999, mbio kubwa za Italia, chembe nyekundu zimezidi kikomo cha asilimia 50 ya damu. 2004 akafa hotelini kwa kokeini, peke yake.

Mengine kwa kifupi. Tramado, dawa ya maumivu, ni marufuku kwenye mashindano ya michezo yote tangu 2024. Kushinda na njaa si mazoezi. Binti ambaye hedhi imekata aende hospitali, asipongezwe. Laleni mapema.

Na sisi wakubwa? Muuza duka la dawa anampa mtoto vidonge bila cheti, chenji inarudi, basi. Waandaaji wanampa wa kwanza mbuzi, wa pili makofi, na njia nzima hakuna hata ndoo ya maji. Halafu tunashangaa.

Jumamosi hii nitakuwa palepale na sufuria ya makande. Mizani waachieni malori ya Zambia. Ile karatasi ya vidonge ninayo mimi. Mwenyewe akipata nafuu aje kuichukua, na aje na mama yake.