Ari ya mwalimu imo kwenye madaftari

Mhariri,

Kila semina walimu huhimizwa kuwa na mtazamo chanya, lakini rundo la madaftari linalowamaliza nguvu halitajwi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, darasa la wanafunzi 80 si la kushangaza. Daftari moja likichukua dakika mbili, zoezi moja ni saa mbili na dakika 40. Mwalimu anayelibeba rundo hilo nyumbani husahihisha akiwa hoi, huweka vema bila kusoma, na kesho huingia darasani hajui nani amekwama wapi.

Kazi hiyo igawanywe. Kila siku usahihishe kwa makini madaftari 16. Hadi Ijumaa wote 80 umewafikia. Waliobaki wabadilishane madaftari, majibu uyaandike ubaoni, wasahihishe kwa penseli. Wewe pita na kalamu nyekundu ukikagua swali moja tu, lile gumu. Usipopita, watapeana vema za urafiki.

Muda wa kazi hii ni kipindi cha wazi, ambacho bahati mbaya huliwa na soga za ofisini au kushikilia darasa la mwenzako aliyekwenda benki. Na wiki ya zamu usijidanganye: kuna mstarini, usafi, wachelewaji na kitabu cha zamu. Shusha madaftari hadi manane kwa siku, na maandalio yote ya wiki hiyo uyamalize Ijumaa iliyotangulia.

Mtazamo nao una mahali pake: sehemu ya maoni kwenye andalio la somo. Wengi huandika "somo limeeleweka" hata kabla kipindi hakijaisha. Siku mambo yakiharibika, lawama inakwenda kwa watoto, eti wazito. Andika kosa lenyewe. Tuseme nusu ya darasa wamekosa 402 kutoa 178, wakaandika 376. Hao hawakubahatisha, kila safu wametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, 2 kwenye 8, 0 kwenye 7, kwa sababu kwenye makumi hawakuona cha kukopa. Ukilijua hilo, dakika 10 za mwanzo za kesho zimeshapata kazi: vijiti vilivyofungwa mamia na makumi. Fungua fungu moja la mia litoe mafungu 10 ya kumi, kisha fungua moja la kumi uongeze kwenye mamoja. Sasa 178 zinatoka, zinabaki 224, na watoto wanaona zilikotoka. Mwalimu mwenye jambo la kurekebisha asubuhi haamki kama anayekwenda kutumikia adhabu.

Wathibiti ubora wa shule wanaweza kusaidia. Wanapokagua, waache kuhesabu vema kwenye madaftari. Wafungue sehemu ya maoni na kuuliza siku iliyofuata kilifanyika nini.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro